Ufunguo Umekubali, Gari Limekataa

Jirani yangu alidondosha ufunguo wa gari baharini. Gari alikuwa ameliacha Magogoni, Dar es Salaam, tangu asubuhi, akavuka kwa miguu kwenda Kigamboni kufundisha, na jioni wakati wa kurudi, pantoni ilipogusa gati, watu wakasukumana kama kawaida yao. Mkoba ukafunguka, ufunguo ukaenda na maji. Aliponipigia simu alikuwa na swali moja tu: fundi funguo mzuri anapatikana wapi saa hizi?

Nikamfuata. Fundi alikuja na bodaboda, begi mgongoni. Aling'oa kitasa cha mlango wa dereva, akakifungua, akasoma vibati vidogo vilivyopangwa ndani yake kimoja baada ya kingine, huku akiandika tarakimu kiganjani. Akatoweka kuelekea vibanda vya Gerezani. Baada ya saa moja hivi alirudi na ufunguo mpya unaong'aa. Mlango ukafunguka. Swichi ikazunguka. Stata ikalia, ikalia tena, injini kimya. Kwenye dashibodi taa ndogo nyekundu yenye picha ya gari na kufuli ikawa inapepesa. Fundi akafuta jasho. "Mama," akasema, "ufunguo umekubali, gari limekataa."

Bei aliyotajiwa baada ya hapo ilikuwa mara nyingi ya ile ya kwanza. Jirani yangu akauliza swali ambalo kila aliyepoteza ufunguo wa gari amewahi kuliuliza: hicho kipande cha chuma na plastiki kinapataje bei ya simu janja? Jibu la mtaani ni kwamba mafundi wanatupiga. Wapo wanaopiga, sikatai. Lakini hata fundi mwaminifu kuliko wote atakutajia bei inayouma, na sababu yake haimo kwenye chuma. Tunacholipia siku hizi ni utambulisho, na utambulisho huwa ghali pale tu anapokosekana mtu wa kukutambulisha.

Kutoka umbo hadi jina

Ufunguo wa zamani ulikuwa umbo tu. Ukiwa na meno yanayolingana na vibati vya kitasa, mlango wako, gari lako. Mchonga funguo alihitaji mashine yenye vibanio viwili: kimoja kinashika ufunguo wa zamani, kingine kinashika bati jipya, na kisu kinafuata meno ya mwenzake. Kazi hiyo ipo mpaka leo, haichukui hata robo saa, na haizidi shilingi elfu chache.

Ila ina dosari yake. Mashine ya kunakili hunakili kila kitu, pamoja na uchakavu. Ufunguo uliotumika miaka kumi na mitano umeshalika meno, na mtoto wake atazaliwa na meno yaleyale yaliyolika. Wa tatu utakaochongwa kutoka kwa wa pili utakwama. Ndiyo maana fundi anayejiheshimu huuliza kwanza namba ya ufunguo, ile iliyogongwa kwenye kibati kidogo ambacho gari jipya huja nacho. Kwa namba hiyo meno huchongwa upya kama yalivyotoka kiwandani. Tatizo ni kwamba kwenye magari yetu ya mtumba kibati hicho aghalabu hakifiki bandarini.

Watengenezaji waliona mapema kwamba umbo peke yake halitoshi. Mwaka 1986 General Motors waliweka kwenye ufunguo wa Chevrolet Corvette kidonge cha kuzuia umeme, na gari likawa linapima kiwango chake kabla ya kukubali kuwaka. Viwango vilikuwa 15 tu. Mwizi mwenye subira na funguo 15 mfukoni alimaliza kazi.

Mageuzi makubwa yalitokea Ulaya katika miaka ya 1990. Wizi wa magari ulikithiri, kampuni za bima za Ujerumani zikashinikiza, na Umoja wa Ulaya ukaweka sharti kwamba kuanzia Oktoba 1998 kila gari jipya liwe na imobilaiza, yaani kinga inayozuia injini kuwaka mpaka gari liutambue ufunguo. Australia ikafuata mwaka 2001 na Kanada mwaka 2007. Wachumi waliochunguza takwimu za Uholanzi walikuta kinga hiyo ilipunguza uwezekano wa gari kuibwa kwa kiasi kinachokaribia nusu. Marekani haikuweka sharti hilo, na gharama yake ilionekana miaka ya 2021 na 2022, pale vijana walipofundishana kwa video za mtandaoni namna ya kuondoka na magari ya Kia na Hyundai yasiyo na imobilaiza, wakizungusha swichi kwa kichwa cha waya wa kuchajia simu.

Sisi tumeingia kwenye historia hii kwa mlango wa nyuma. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na magari mengi madogo yaliyouzwa huko miaka ya mwanzo ya 2000 hayakuwa na kinga hii. Kwa hiyo mtaani kwako Vitz mbili za mwaka mmoja na rangi moja zinaweza kuegeshwa pamoja, moja ikawashwa na bati tupu la elfu chache, nyingine ikalikataa. Kabla ya kulipia "kuprogramu", mwambie fundi athibitishe kwamba gari lako lina cha kuprogramiwa. Taa ya kufuli inayopepesa kwenye dashibodi ufunguo ukiwa umetolewa ni dalili nzuri. Kipimo cha uhakika zaidi ni kuchonga bati lisilo na chipu na kujaribu kuwasha. Likiwasha, ondoka nalo ukashukuru.

Hodi. Nani?

Ukipasua kichwa cha plastiki cha ufunguo wenye imobilaiza utakuta chipu. Nyingine ni kama kipande cheusi cha makaa kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, nyingine ni kichupa cha kioo chenye ukubwa wa punje ya mchele. Haina betri. Kuzunguka tundu la swichi, ndani ya plastiki, kuna koili ya waya mwembamba. Unapoingiza ufunguo, koili hutoa mawimbi ya takriban kilohezi 125 yanayofika sentimita chache, na mawimbi hayohayo huipa chipu nguvu ya kuamka na kujibu.

Mazungumzo yao tunayajua tangu utotoni. Mgeni anapiga hodi, mwenye nyumba anauliza: nani? Chipu za mwanzo zilijibu kwa kutaja jina, jina lilelile kila siku, na yeyote aliyelisikia aliweza kuliigiza. Kizazi kilichofuata kikawa na akili zaidi. Gari hutaja namba ya kubahatisha, tofauti kila mara. Chipu huichanganya na siri iliyomo ndani yake na kurudisha jibu. Gari, ambalo nalo linaijua siri hiyo, hupiga hesabu yake lenyewe na kulinganisha. Majibu yakilingana, mafuta na cheche huruhusiwa. Yasipolingana, stata italia mpaka betri iishe.

Siri hizo zimevunjwa mara kadhaa. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara za RSA waliivunja siri ya biti 40 ya chipu ya Texas Instruments iliyokuwa kwenye funguo za mamilioni ya magari. Mwaka 2013 Volkswagen walipata amri ya mahakama ya Uingereza iliyowazuia wanazuoni kuchapisha udhaifu wa chipu nyingine, na andiko lao halikutoka mpaka mwaka 2015. Mwaka 2020 wataalamu wa vyuo vikuu vya Leuven na Birmingham walionyesha kasoro kwenye namna Toyota, Kia na Hyundai walivyotumia chipu ya Texas Instruments ya kizazi kilichofuata. Kwa mwenye gari fundisho ni fupi: kila siri ikivunjwa, kiwanda huleta chipu mpya, na chipu ya gari la mwaka 2004 mara nyingi haifanyi kazi kwenye gari la mwaka 2014 hata kama vichwa vya funguo vinafanana kama mapacha.

Juu ya bati na chipu kuna kitu cha tatu, rimoti, ambacho watu wengi hukichanganya na chipu. Rimoti ndiyo vitufe vya kufungua milango, ndiyo yenye betri, na inazungumza na gari kwa mawimbi mengine kabisa. Magari ya soko la Japani kwa kawaida hutumia masafa yanayokaribia megahezi 315, ya Ulaya 433. Rimoti nzuri iliyong'olewa kwenye gari lililotoka Uingereza haitasikilizana na Toyota iliyotoka Yokohama hata ukiibembeleza mchana kutwa. Kwa hiyo fundi anapokutajia bei, muulize ni ya nini: bati, chipu, rimoti, au vyote vitatu? Ugomvi mwingi vibandani huzaliwa na swali hili lisiloulizwa.

Magari ya kitufe cha kuwasha yameunganisha yote kwenye kidude kimoja unachotembea nacho mfukoni. Betri yake ikifa usiite gari la kuvuta. Ndani ya kidude kuna bati dogo la kufungulia mlango, na kwenye magari mengi ukikigusisha kidude na kitufe chenyewe, koili ya karibu huamka na injini huwaka. Ubaya wake ni kwamba kidude kinachojibu hodi bila wewe kukigusa kinaweza kujibu hodi ya mwizi pia. Huko Ulaya wezi wawili, mmoja kando ya gari na mwingine kando ya mlango wa nyumba, huyarefusha mawimbi kwa vifaa vyao mpaka gari liamini ufunguo upo karibu.

Mwenyeji akiwepo

Sasa tunarudi kwenye bei. Kumwongeza mgeni kwenye nyumba yenye mwenyeji ni jambo dogo. Ufunguo mmoja unaokubalika ukiwepo, gari linaweza kuambiwa: huyu ni mwenzangu. Kwenye baadhi ya Toyota za zamani hata mashine haihitajiki. Unaingiza ufunguo mkuu, unakanyaga mafuta na breki kwa idadi na mpangilio maalumu, unaingiza ufunguo mpya, unasubiri taa izimike. Kwa magari mengine fundi huchomeka mashine kwenye tundu la chini ya usukani, na dakika kumi baadaye kazi imekwisha. Gharama ni ya chipu na muda, makumi ya maelfu ya shilingi.

Kuna tahadhari moja. Baadhi ya magari hutofautisha ufunguo mkuu na ufunguo wa msaidizi, ambao mara nyingi huwa na kichwa cha kijivu. Msaidizi anawasha gari lakini hana mamlaka ya kukaribisha mtu. Ukibaki na huyo peke yake, mbele ya gari ni kama umebaki mikono mitupu.

Mwenyeji asipokuwepo, nani amtambulishe mgeni? Nissan nyingi hudai namba ya siri inayotokana na kisanduku cha umeme cha gari. Toyota kadhaa hukubali kuanzishwa upya kwa mashine, zoezi linalochukua takriban dakika 16, na ole wako betri ya gari iishe katikati. Nyingine hazikubali njia yoyote ya mlangoni, na hapo fundi hana budi kuingia kwa dirishani.

Gari la jirani yangu lilikuwa la aina hiyo. Fundi wa umeme aliyeitwa baadaye alilala chali chini ya dashibodi, tochi ya simu mdomoni, akatoka na kontroli boksi ya ukubwa wa kitabu cha sala. Akaifungua juu ya boneti. Kati ya vidude vingi kwenye bodi ile ya kijani alionyesha kimoja chenye miguu minane, kidogo kuliko punje ya hindi. "Daftari la funguo hili hapa," akasema. Akakinyanyua kwa hewa ya moto, akakibana kwenye kifaa chake, na kwenye kioo cha kompyuta zikajitokeza safu za herufi na tarakimu. Kazi yake ilikuwa kuandika ufunguo mpya ndani ya safu zile bila kuharibu herufi moja ya pembeni, kisha kurudisha kile kidude mahali pake bila kuunganisha miguu kwa risasi. Akikosea, mteja ananunua kontroli boksi nyingine.

Hapo ndipo laki kadhaa zinapokwenda. Bati ni lilelile, chipu ni ileile. Kilichopanda bei ni ukosefu wa shahidi.

Fundi, mashine na karatasi

Zamani kazi hii ilikuwa ya wakala wa kiwanda peke yake. Unapeleka kadi ya gari na kitambulisho, namba ya chasisi inatumwa ng'ambo, unasubiri. Njia hiyo bado ipo, na kwa gari jipya lenye dhamana ndiyo ya busara. Lakini gari la mtumba lililotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi halimo hata kwenye orodha ya wakala wa hapa.

Pengo hilo limezibwa na mashine za mkononi kutoka Shenzhen, China, za kampuni kama Autel, Xhorse na Lonsdor. Zimefanya kazi ya kiwandani ifanyike kibandani, iwe Gerezani au Kirinyaga Road ya Nairobi, ambako wengi bado wanapaita Grogan. Mimi siungani na wanaolalamika kwamba mashine hizi zilipaswa kubaki mikononi mwa viwanda. Bila fundi wa kibandani, gari la jirani yangu lingeoza Magogoni.

Ila mashine inayomsaidia aliyepoteza ufunguo haina namna ya kumjua ambaye hakuwahi kuwa nao. Na soko la magari ya wizi halina mipaka: mwaka 2015 kifaa cha kufuatilia kilichokuwa ndani ya Lexus iliyoibwa Uingereza kiliwaongoza polisi mpaka Kampala. Wenzetu wamelishughulikia suala hili bila kumnyima fundi mkate wake. Marekani kuna sajili ya mafundi wanaoruhusiwa kupata namba za siri kutoka viwandani, na sharti ni kujaza fomu inayothibitisha umiliki wa gari kabla ya kazi. Umoja wa Ulaya ulianzisha utaratibu wa namna hiyo mwaka 2023 kwa mafundi huru. Afrika Kusini mafundi funguo husajiliwa na mamlaka ileile inayosimamia kampuni za ulinzi. Wote wamefikia mkataa mmoja: kama siri ya ufunguo imehamia kwenye kumbukumbu ya kompyuta, anayeifungua kumbukumbu hiyo ni mlinzi, apende asipende.

Kwetu kuna pingamizi la kweli. Fundi akidai kadi, mteja atahamia kibanda cha pili. Isitoshe kadi nyingi bado zina jina la mmiliki wa zamani, na magari mengi ni ya shemeji, ya mjomba aliye Muscat, ya kikundi. Ukitaka jina kwenye kadi lilingane na kitambulisho, nusu ya wateja halali watafukuzwa. Lakini kati ya kudai kila kitu na kutouliza chochote kuna nafasi kubwa. Picha ya kadi, picha ya kitambulisho, namba ya chasisi na taarifa ya upotevu kutoka polisi haziwezi kumzuia kila mwizi, ila zinaacha nyayo. Na siku askari akisimama mbele ya kibanda kuuliza habari za gari fulani, daftari hilo ndilo litakalomwokoa fundi.

Kwa mwenye gari ushauri wangu ni mmoja wenye matawi matatu. Kama una ufunguo mmoja, chongesha wa pili wiki hii, wakati mwenyeji bado yupo. Siku ya kuprogramu beba funguo zote ulizonazo, kwa sababu njia nyingine hufuta zile ambazo hazipo, na usiondoke kabla ya kuwasha gari kwa kila mmoja. Kisha, kama gari lako lina imobilaiza, chonga bati tupu lisilo na chipu, ubaki nalo nyumbani au umwachie mtu unayemwamini. Ufunguo huo bubu utakufungulia mlango siku utakaposahau ufunguo ndani ya gari, na akiuokota mwizi hataondoka na kitu zaidi ya redio.

Na kama gari umelinunua mkononi mwa mtu, muombe fundi atazame gari linatambua funguo ngapi. Mashine nyingi huonyesha. Zikizidi ulizonazo, zifutwe. Wenye funguo zilizofutwa bado wanaweza kufungua mlango kwa meno, lakini injini haitawaitikia.

Hili la mwisho nimejifunza usiku uleule pale Magogoni. Injini ya jirani yangu ilipowaka ilikuwa imeshapita saa nne. Fundi wa umeme aliangalia mashine yake, akakunja uso. "Mama, ukiacha huu mpya, humu kuna funguo mbili. Mmoja umeenda na maji. Wa pili anao nani?" Jirani yangu alikuwa na gari lile mwaka wa nne, amelinunua kwa mtu hapahapa mjini, na tangu siku ya kwanza alikabidhiwa ufunguo mmoja. Akanyamaza kidogo, akatazama barabara.

"Futa zote za zamani," akasema.

Zikafutwa. Akalipa, mafundi wakapakia vifaa, bodaboda ikaondoka. Njia nzima kurudi nyumbani alikuwa akinihesabia waliowahi kulishika gari lile. Mimi nilikuwa nikiwaza jambo jingine. Tulikaa pale zaidi ya saa nne, kitasa kikang'olewa, kontroli boksi ikapasuliwa hadharani, na kadi ya gari haikutoka mkobani hata mara moja. Jioni nzima ile, aliyemuuliza jirani yangu yeye ni nani lilikuwa gari peke yake.